Boriti Moja, Grilaji au Maganda: Uchague Modeli Ipi kwa Daraja la Boriti?

Umefungua programu, ukurasa ni mweupe, na jambo la kwanza unaloulizwa ni aina ya modeli. Ukijibu kwa kufuata tu alivyozoea mwenzako wa meza ya pili, utakuwa umeshaamua bila kujua ni data zipi utatakiwa kuwa nazo, ni makosa gani yatakunyemelea, na utakesha siku ngapi ukikagua majibu.

Namwandikia mhandisi aliyekwama hapo. Sizungumzii madaraja kama la Kigamboni lenye nyaya, lililofunguliwa mwaka 2016. Nazungumzia daraja la kawaida la mtoni: boriti za zege au chuma zilizolazwa sambamba, sakafu ya zege juu yake, na nguzo mbili za ukingoni. Haya ndiyo yanayopitisha mabasi na malori ya mahindi kila siku, na mengi huchambuliwa na mtu mmoja mwenye kompyuta moja na muda mfupi. Ndiyo maana nayajali.

Njia ni tatu. Unaweza kuchambua boriti moja peke yake, ukaipa sehemu yake ya mzigo kwa kigawo. Unaweza kusuka wavu wa boriti, yaani grilaji. Au unaweza kuijenga sakafu yote kwa elementi za maganda, yaani vipande vidogo bapa vilivyounganishwa, na boriti chini yake.

## Tunazipima kwa nini

Kila njia nitaiuliza maswali yale yale. Inataka jometri gani? Mzigo wa magari unaifikiaje boriti? Inazichukuliaje hatua za ujenzi, maana boriti hubeba zege bichi la sakafu ikiwa peke yake kabla hazijashikana? Ni kosa gani haisamehe? Na inamfaa nani?

Swali la nne nalipa uzito kuliko mengine. Nimeona wengi wakilinganisha njia hizi kwa usahihi pekee, kana kwamba data zinazoingizwa huwa sahihi daima. Kazini mambo si hivyo. Kila njia ina data inayoweza kuivumilia ikiwa na kasoro, na nyingine ambayo ikikosewa kidogo tu inaharibu kila kitu.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue daraja moja la mfano. Spani ni mita 30, kutoka beringi hadi beringi, yaani kati ya viti ambavyo boriti hukalia. Boriti ni tano, za zege lililokazwa kwa nyaya, aina ya V ya AASHTO, shirika la Marekani linalotunga kanuni za madaraja: kina milimita 1,600, eneo la mkato takriban mita za mraba 0.65. Zimeachana mita 2.4. Sakafu ina unene wa milimita 200 na inaning'inia mita 1.0 kila upande, hivyo upana wote ni mita 11.6. Kwa urahisi, zege la boriti na la sakafu tulichukue kuwa na moduli moja, yaani ugumu uleule.

Kabla ya kugusa programu, fanya hesabu ya mkono. Sakafu na boriti zina uzito wa takriban kN 140 kwa kila mita, kwa hiyo daraja zima, bila lami na kingo, lina takriban kN 4,190, na kila nguzo ya ukingoni inabeba nusu yake. Momenti (nguvu ya kupinda) ya katikati kwa boriti zote ni takriban kNm 15,700. Ziandike namba hizi kwenye karatasi ukaziweke karibu, maana njia yoyote utakayochagua lazima izirudishe.

## Boriti moja

Jometri yake ni fupi. Unaingiza spani, mkato wa boriti, unene wa sakafu, nafasi kati ya boriti, sehemu inayoning'inia, na umbali kutoka ubavu wa boriti ya nje hadi kwenye kingo. Programu hailioni daraja, inaiona boriti moja tu. Angalia hapo kwenye spani: boriti yenyewe hupita beringi kidogo kila upande, na wengi huingiza urefu wa boriti badala ya umbali wa beringi hadi beringi.

Mzigo hufika kwa kigawo cha mgawanyo. Katika kanuni za AASHTO LRFD, momenti ya boriti ya ndani ikiwa leni mbili au zaidi zimebeba mzigo hupatikana hivi:

g = 0.075 + (S/2900)^0.6 × (S/L)^0.2 × (Kg/(L·ts³))^0.1

Vipimo vyote ni vya milimita. S ni nafasi kati ya boriti, L ni spani, ts ni unene wa sakafu, na Kg ni kigezo cha ukakamavu, kinachojumlisha inesha ya boriti (kipimo cha mkato kupinga kupinda) na eneo lake lililozidishwa kwa mraba wa umbali kutoka kitovu cha boriti hadi katikati ya sakafu. Kwa daraja letu umbali huo ni takriban milimita 888 na g inatoka 0.68. Mzigo wa magari wa AASHTO, HL-93, kwenye leni moja, yaani lori la kN 325 lililoongezewa asilimia 33 ya mtikisiko pamoja na mzigo wa leni wa kN 9.3 kwa mita, unazaa momenti ya takriban kNm 3,780. Boriti ya ndani inachukua takriban 2,560.

Sasa tazama vipeo vya fomula hiyo, kwani vinaeleza tabia ya njia nzima. Kg ina kipeo cha 0.1 tu. Ukikosea ukaiingiza mara mbili ya ilivyo, g inapanda kutoka 0.68 hadi 0.72. Nafasi kati ya boriti inaingia mara mbili, na vipeo vyake vikijumlishwa ni 0.8. Ikosee kwa asilimia 10 tu, ukaandika 2.64 badala ya 2.4, na g inapanda hadi karibu 0.73. Kosa la sentimita 24 kwenye nafasi linaumiza kuliko kuizidisha Kg mara mbili! Kwa hiyo ukiwa na saa moja ya kuhakiki data za njia hii, usiimalize kwenye inesha. Nenda kwenye mchoro ukapime nafasi za boriti, hasa kama daraja linapanuka upande mmoja.

Hatua za ujenzi ndipo njia hii inapong'aa. Programu zilizotengenezwa kwa ajili yake, AASHTOWare mojawapo, hutenganisha mzigo unaobebwa na boriti tupu na ule unaokuja baada ya sakafu kushikana nayo. Kwenye boriti za nyaya, kasi ya kukaguliwa kwa mkazo hatua kwa hatua ni faida kubwa.

Kosa lisilosameheka ni kuvuka mipaka. Fomula ina masharti: nafasi kati ya mita 1.1 na 4.9, sakafu kati ya milimita 110 na 300, spani kati ya mita 6 na 73, boriti zisipungue nne. Daraja la mshazari, ambalo nguzo zake hazikati barabara kwa pembe ya mraba, lina marekebisho yake. Kwa daraja letu likilala nyuzi 30, nguvu ya kukata kwenye kona pana inapanda kwa takriban asilimia 8. Jambo jingine: g ya fomula imeshahesabu uwezekano wa leni kadhaa kujaa kwa pamoja, lakini boriti ya nje ikihesabiwa kwa kanuni ya wenzo (sakafu huchukuliwa kama imekatwa juu ya boriti za ndani) haijahesabu, na leni moja lazima uizidishe kwa 1.20 mwenyewe. Baadhi ya programu hukufanyia, nyingine hukuachia.

Na kuna mpaka ambao katika ukanda wetu unasahaulika. Fomula hizi zilitengenezwa kwa ajili ya malori ya kanuni za Marekani. Mradi wako ukifuata kanuni za Uingereza za BS 5400 na gari zito la HB la uniti 45, lenye ekseli nne za kN 450 kila moja, usizibebe fomula hizi ukazipachika huko. Eurocode, kanuni za Ulaya, nayo haina jedwali la vigawo vya namna hii. Inakutarajia ujenge modeli inayogawa mzigo yenyewe.

Inamfaa anayebuni daraja lililonyooka na la kawaida, chini ya kanuni zenye vigawo, na anayekagua madaraja mengi ya zamani kwa muda mfupi.

## Grilaji

Hapa daraja linakuwa wavu. Boriti tano ni nyuzi tano za urefu, na sakafu inakatwa vipande vya kukingama. Ukigawa spani ya mita 30 mara 12, unapata kingama 13 zilizoachana mita 2.5, moja ikiwa katikati kabisa ya spani, na nodi 65, yaani makutano ya nyuzi na kingama. Modeli ya ukubwa huu unaweza kuisoma yote kwa macho yako, nodi kwa nodi, na hilo kwangu ni sifa kubwa.

Jometri inayotakiwa ni zaidi ya ile ya boriti moja, na ugumu wake uko kwenye ukakamavu. Uzi wa urefu unapewa inesha ya boriti ikiwa imeshashikana na kipande chake cha sakafu. Kwa mfano wetu, boriti peke yake ina takriban 0.217 m⁴, na ikishikana na sakafu ni takriban 0.437, yaani maradufu. Kingama ya upana wa mita 2.5 ina inesha ya 2.5 × 0.2³/12, kiasi cha 0.00167 m⁴. Msokoto wake ni upana × unene³/6, wala si kugawa kwa 3, kwa sababu sakafu inapinga msokoto kwa pande zote mbili, na kila upande wa wavu unapewa nusu yake.

Hapo ndipo penye kosa lisilosameheka. Ukisahau na kuacha inesha ya boriti tupu, uzi wa urefu unakuwa na nusu ya ukakamavu wake, huku kingama zimebaki vile vile. Sakafu itaonekana ngumu kuliko ilivyo, itasambaza mzigo vizuri mno, na boriti iliyo chini ya lori itaonekana imetulia. Kosa hilo halipigi kengele. Jumla ya mizigo kwenye nguzo inatoka sawasawa, umbo la kupinda linapendeza, na namba unayoitegemea ni ndogo kuliko ukweli. Katika grilaji linganisha uwiano wa ukakamavu wa urefu na wa kukingama kabla ya kitu kingine chochote.

Mzigo wa magari unawekwa juu ya leni, na programu inausogeza kutafuta mahali pabaya zaidi. Hakikisha gari lako lina mistari miwili ya magurudumu: mita 1.8 kwa lori la AASHTO, mita 2.0 kwa LM1, mzigo wa kawaida wa magari wa Eurocode, yenye ekseli za kN 300 kwenye leni ya kwanza, 200 ya pili na 100 ya tatu. Ekseli ikiingizwa kama nguvu moja katikati ya leni, mgawanyo wa kukingama unapotea. Angalia pia alama ya kuongeza na kutoa ya umbali wa leni kutoka mstari wa rejea. Leni ikiruka upande wa pili, boriti ya nje uliyotaka kuichunguza inabaki bila mzigo.

Kuhusu mshazari, kawaida nzuri ni hii: ukiwa chini ya nyuzi 20 hivi, kingama zinaweza kulala sambamba na beringi, ukizidi, zikate boriti kwa pembe ya mraba. Nami hapa nina la kusema kutoka kazini. Niliwahi kuingiza mshazari wa nyuzi 60 mahali pa 30, kwa sababu programu ilipima pembe kutoka kwenye mhimili wa barabara, nami nilikuwa nimepima kutoka kwenye mstari unaoukata kwa pembe ya mraba. Nililigundua siku ya tatu, nilipoona beringi ya kona kali ikivutwa juu na uzito wa daraja lenyewe. Tangu hapo huchapisha nodi za beringi na kuzilinganisha na mchoro wa mpimaji kabla sijaweka mzigo wowote.

Kwa hatua za ujenzi, grilaji inataka modeli mbili, au modeli moja inayobadilishwa mikato. Uzito wa boriti na zege bichi uhesabu kwa boriti tupu, hata kwa mkono. Lami, kingo na magari viende kwenye wavu.

Ukiwa na boriti za chuma, ongeza tahadhari. Grilaji nyingi hupima msokoto wa boriti kwa nadharia ya msokoto wa kawaida, ya Saint-Venant, peke yake na kuacha ukinzani wa kukunjika kwa vibamba vyake. Ripoti namba 725 ya NCHRP, mpango wa Marekani wa utafiti wa barabara, ya mwaka 2012 ilionyesha wazi kwamba jambo hilo linadhoofisha majibu ya madaraja ya chuma yaliyopinda au yenye mshazari mkali, na ikapendekeza msokoto mbadala unaorekebisha hali hiyo.

Inamfaa anayefuata Eurocode au BS 5400, mwenye mshazari wa wastani, au mwenye gari zito la kipekee ambalo hakuna fomula iliyoliwazia.

## Maganda na boriti

Njia ya tatu inajenga sakafu kwa elementi bapa na kuning'iniza boriti chini yake kwa umbali halisi. Ukitumia elementi za takriban mita 0.6, daraja letu lina nodi 1,071 za sakafu peke yake. Programu kama CSiBridge hukujengea hayo kutoka kwenye maelezo ya daraja: mstari wa barabara, mkato wa sakafu, diaframu (kingama zinazounganisha boriti), beringi na nguzo, kisha unachagua modeli iwe ya uti wa mgongo (mstari mmoja), ya maganda au ya mango (vipande vya ujazo). Ubora wake ni kwamba ukibadilisha nafasi ya boriti, kila kitu kinajengwa upya. Ubaya ni huo huo: marekebisho uliyofanya kwa mkono kwenye elementi hufutika modeli ikijengwa upya, kwa hiyo yarudishe kwenye maelezo ya daraja.

Mzigo hauhitaji kigawo chochote. Gurudumu linakanyaga sakafu, sakafu inapinda, boriti zinagawana. Unaona hata kupinda kwa sakafu chini ya gurudumu, jambo ambalo grilaji hailionyeshi vizuri.

Makosa yake ni matatu, na yote niliyaona yakifanywa na watu makini. La kwanza ni kuihesabu sakafu mara mbili: boriti inapewa inesha ya 0.437 iliyoshikana na sakafu, kisha inawekwa chini ya sakafu nyingine ya maganda. Hapa boriti inapewa 0.217 yake tupu, na umbali wa mita 0.888 ndio unaofanya kazi iliyobaki.

La pili ni kusoma. Boriti iliyo chini ya sakafu inabeba momenti yake pamoja na nguvu ya kuvutwa, na sakafu juu inabanwa. Momenti ya daraja ni ile ya boriti, kuongeza nguvu hiyo mara umbali, kuongeza kidogo cha sakafu. Kwa mkato wetu, anayesoma mchoro wa momenti ya boriti peke yake anaona takriban nusu ya ukweli. Tumia zana ya programu inayokusanya nguvu za mkato mzima, halafu ilinganishe na ile kNm 15,700 ya karatasi.

La tatu ni beringi. Katika modeli hii beringi iko mahali pake halisi, chini kabisa ya boriti, milimita 812 chini ya kitovu chake. Ukizuia mwendo wa mlalo kwenye ncha zote mbili, daraja linageuka kuwa tao: ncha zinasukuma, momenti ya katikati inapungua, na hakuna tao lolote pale mtoni. Achia ncha moja, au weka springi zenye ukakamavu wa beringi za mpira zenyewe. Grilaji bapa haikupi mtego huu, maana nodi zake zote ziko kwenye tabaka moja.

Hatua za ujenzi zinawezekana, kwa kuifanya sakafu isiwe na ukakamavu hadi zege likauke, lakini zinahitaji uangalifu na kompyuta yenye nguvu kiasi. Anayeweka mizigo yote kwa mkupuo anapeleka uzito wa zege bichi kwenye mkato ambao siku ile haukuwepo.

Inamfaa mwenye daraja lililopinda, mshazari mkali, boriti zisizo sambamba, matundu kwenye sakafu au upanuzi wa daraja la zamani, na ambaye ana mtu wa pili wa kumkagua.

## Kwa hali yako

Daraja lako limenyooka, boriti ni nne au zaidi, kanuni ni AASHTO, na muda ni wiki moja: boriti moja inatosha, ukihakiki nafasi na boriti ya nje.

Unafuata Eurocode au BS 5400 kwa daraja lile lile: grilaji. Ukiwa na wasiwasi na uwiano wa ukakamavu, weka lori katikati ya upana, kisha juu ya boriti ya nje, ukaone kama mgawanyo unaendana na akili yako.

Mteja ameleta gari la kubeba transfoma litakalopita mara moja kwenye daraja la zamani: grilaji tena, kwa sababu utabadilisha mahali pa ekseli mara nyingi na unataka jibu ndani ya dakika, si saa.

Mshazari umezidi nyuzi 40, au barabara inakata kona juu ya daraja la chuma: maganda. Lakini jenga kwanza grilaji ndogo ya siku moja. Namba za boriti za ndani zikitofautiana sana kati ya hizo mbili, usichague iliyo kubwa ukaendelea. Rudi kwenye beringi na usomaji, maana mara nyingi tofauti imejificha huko.

Unafanya kazi peke yako, hakuna wa kukukagua, na michoro ya daraja la zamani ina vipimo vya kukisia: usikimbilie maganda. Nenda na utepe wa kupimia, pima nafasi za boriti na unene wa sakafu kwenye tundu la kupitishia maji, kisha utumie njia ambayo data zake zote umeziona kwa macho.

Ukiwa bado huna uhakika, anza na ile utakayoweza kumweleza mkaguzi kwa karatasi moja, na uiache ya pili kwa ajili ya swali ambalo ya kwanza haikulijibu.